Kuonekana kwa Mkata Miti: Historia ya Kutafutwa kwa Huduma za Miti Mnyuzi na Korogwe, kuanzia Reli hadi Akili Unde

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna watoa huduma za miti walivyotafutwa na kupatikana katika eneo la Mnyuzi na wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, tangu ujio wa reli mwishoni mwa karne ya 19 hadi wakati wa ramani za mtandaoni na akili unde. Hoja kuu ni kwamba katika kila kipindi mteja wa mbali alimwona yule aliyeandikwa katika kumbukumbu ambayo mteja huyo aliweza kuisoma, hata kama fundi hodari zaidi alikuwa karibu naye. Makala yanahitimisha kuwa kampuni ndogo za huduma za miti zinaweza kuboresha nafasi yao katika utafutaji wa leo iwapo zitaanza na kumbukumbu sahihi ya jina, mahali, kazi na uhalali wao.

1.0 Utangulizi

Huduma za miti ni kazi pana kuliko kukata. Zinajumuisha kuangusha mti ulioinamia nyumba, kupogoa matawi, kung'oa visiki, kupasua gogo na kusafisha njia chini ya nyaya za umeme. Katika vijiji vya Mnyuzi, anayehitaji kazi hizi hamtafuti mtu gazetini wala mtandaoni. Humuuliza jirani, naye jirani humtaja fundi ambaye kazi yake ameiona kwa macho. Utafutaji wa namna hii unaweza kuitwa utafutaji wa kinywa. Ni wa haraka, hauna gharama, na una dhamana ndani yake, kwa kuwa anayependekeza fundi mbaya hupoteza heshima yake mwenyewe.

Utafutaji wa kinywa, hata hivyo, una mpaka. Hauvuki mbali na sauti ya jirani. Mwenye nyumba Korogwe anayeishi Dar es Salaam, mkandarasi aliyepewa kazi ya kusafisha njia ya umeme, au uongozi wa shule unaotakiwa kupata wazabuni kadhaa, hawana jirani wa kumuuliza. Hao hutafuta kwa kumbukumbu: daftari, barua, tangazo, ramani, na sasa mashine inayojibu maswali. Historia inayoelezwa hapa ni historia ya kumbukumbu hizo, na ya watu walioachwa nje yake.

2.0 Reli, kituo na jina lenye tahajia tatu

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, ikakwama kwa ukosefu wa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikaichukua kutoka kwa kampuni iliyoianzisha. Kufikia mwaka 1902 ilikuwa imefika Korogwe, na Mnyuzi ikawa miongoni mwa vituo vya njia hiyo. Kwa mfanyabiashara aliyekuwa Tanga au Hamburg, mahali palianza kuwapo pale kituo kilipoandikwa katika ratiba ya treni.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Mkumbara, kituo kingine cha reli hiyo wilayani Korogwe. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilivuna mierezi, inayoitwa pia miangati, katika milima ya Shume, na kufikia mwaka 1910 ilikuwa na njia ya kamba za chuma iliyoteremsha magogo hadi kituoni. Misitu hiyo ilikuwa ikijulikana kwa Wasambaa vizazi na vizazi, nao walikuwa na majina ya miti, miiko na mafundi wa mashoka. Lakini barua ya mnunuzi wa Ulaya haikuandikwa kwa mzee wa Shume. Iliandikwa kwa kampuni, kwa sababu kampuni ilikuwa na anwani, kituo cha kupakilia na jina lililochapishwa.

Jina lenyewe la mahali lilikuwa na matatizo yake. Maandishi ya Kijerumani yaliandika Mnyussi, nyaraka za Kiingereza za reli na misitu zikaandika Mnyusi, na kata ya leo inaandikwa Mnyuzi. Msitu wa hifadhi ulio kwenye mteremko wa Usambara Mashariki bado unatajwa katika ripoti nyingi za kitaalamu kwa tahajia ya Mnyusi. Kwa mwenyeji, tofauti hiyo haina uzito, kwa kuwa anajua ni pale pale. Kwa karani anayepanga mafaili kwa alfabeti, na kwa mashine inayolinganisha herufi, mahali pamoja panaweza kugeuka kuwa matatu. Athari ya jambo hili inajadiliwa katika sehemu ya sita.

3.0 Mti ulioandikwa, mtu aliyepewa namba

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, katika Usambara Mashariki. Kwa miongo iliyofuata, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, Amani ilikusanya mimea, ikaipa majina ya kisayansi na kuandika pia majina yake ya kienyeji. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi hapo, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili katika miaka ya 1930. Mvule, mkangazi na miti mingine mingi ikapata ukurasa wake. Hadi leo anayetafuta habari za mti wa Usambara hupata jina, umbo la jani na mahali unapoota.

Walioujua mti huo kwa mikono hawakupata ukurasa. Mashamba ya mkonge yaliyoenea kando ya reli, Mnyuzi ikiwamo, yalihitaji watu wa kufyeka pori, kung'oa visiki na kukata kuni kabla hata ya mkonge kupandwa. Mkonge wenyewe uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miongo michache ukawa uti wa mgongo wa uchumi wa Tanga. Kazi ya kusafisha ardhi ilifanywa na vibarua, wengi wao kutoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kuajiri wafanyakazi, SILABU, iliyosafirisha watu kutoka mikoa ya mbali hadi mashambani. Waliitwa manamba, neno linalotokana na namba, na kazi yao ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30.

Hapa ndipo ukinzani wa kihistoria unapoonekana vizuri. Mti uliandikwa kwa jina lake, ilhali mtu aliyeuangusha aliandikwa kwa namba ya siku zake za kazi. Kibarua aliyejifunza kuangusha mvule bila kupasua gogo, au kukadiria upande utakaolalia, alikuwa na ujuzi wa thamani. Hata hivyo, alipomaliza mkataba na kuondoka, ujuzi huo haukubaki katika daftari lolote ambalo mteja mwingine angeweza kulifungua. Ulibaki katika kumbukumbu za wenzake, yaani katika utafutaji wa kinywa.

4.0 Kibali, nyundo na sanduku la posta

Kumbukumbu ya pili iliyoamua nani aonekane ilikuwa ya serikali. Sheria ya kulinda misitu ya mwaka 1904 chini ya Wajerumani, na ile ya Waingereza ya mwaka 1921, zilifanya ukataji wa miti katika misitu ya hifadhi uwe jambo la kibali. Gogo halali lilitambuliwa kwa alama ya nyundo ya idara ya misitu. Mwenye leseni alikuwa na faili, na mwenye faili alikuwa na sanduku la posta. Fundi asiye na vitu hivyo aliweza kufanya kazi hiyo hiyo, lakini machoni pa ofisi aliweza kuonekana kwa namna moja tu, nayo ni kama mvunja sheria.

Baada ya uhuru, kumbukumbu zilibadilika mikono bila kubadilika sana kwa umbo. Mwaka 1963 njia ya reli kutoka Ruvu iliunganishwa na reli ya Tanga hapo Mnyuzi, na kituo hicho kikawa makutano ya njia ya Kaskazini na Reli ya Kati. Mwaka 1964 kituo cha umeme cha Hale, jirani na Mnyuzi katika mto Pangani, kilianza kuzalisha umeme. Njia za reli na za umeme zote mbili zinadai kazi ya miti isiyokwisha, kwa kuwa matawi hukua tena kila masika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawa mali ya umma. Katika sekta ya mbao, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kiliingia chini ya shirika la TWICO na kuvuna magogo Usambara Mashariki kwa msaada wa Finland. Mteja aliyehitaji kazi kubwa ya miti alijua aandike kwa shirika gani.

Mpangilio huo ulivunjika ndani ya miaka michache. Uvunaji wa kimashine Usambara Mashariki ulisimamishwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa. Katika muongo huo huo wa 1990 mashirika mengi ya umma, yakiwamo ya mkonge, yalibinafsishwa. Ujuzi wa kukata, kupasua na kusafirisha ulitawanyika kwa watu binafsi wenye misumeno ya mkono na, baadaye, misumeno ya mnyororo. Idadi ya waliofanya kazi kwa jina lao wenyewe iliongezeka, lakini anwani ambayo mteja wa mbali angeiandikia ilitoweka.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ulioanzishwa mwaka 2010, ziliweka upya utaratibu wa vibali na hati za kusafirishia mazao ya misitu. Baadhi ya miti ya thamani inalindwa hata ikiota nje ya msitu wa hifadhi. Kwa hiyo anayemwajiri fundi kukata mvule uani hanunui nguvu za mikono peke yake. Ananunua pia uhakika kwamba gogo lake halitakamatwa njiani. Tangu hapo, uhalali ukawa sehemu ya umaarufu wa fundi, ingawa wachache waliutangaza.

5.0 Simu ya mkononi: jina lililorudi kwa mwenyewe

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994, na ushindani uliofuata baada ya mwaka 2000 ulifikisha simu vijijini. Kwa mara ya kwanza, fundi wa Mnyuzi aliweza kuwa na anwani isiyotegemea kituo, shirika wala sanduku la posta. Namba yake iliandikwa kwa rangi ukutani, kwenye kibao kilichopigiliwa mtini, au katika daftari la duka la vifaa vya ujenzi. Neno namba, ambalo katika enzi ya manamba lilimfuta mtu, sasa lilimtambulisha.

Hata hivyo, namba ya simu ni kumbukumbu dhaifu. Inapotea simu ikiibwa, haielezi kazi, na haionyeshi mahali. Mitandao ya kijamii iliongeza picha, lakini picha inayowekwa kwenye hali ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, na huonwa na waliokwisha kuihifadhi namba ile. Kwa maneno mengine, teknolojia hiyo ilipanua utafutaji wa kinywa bila kuugeuza kuwa kumbukumbu ya kudumu. Tangazo lililotengenezwa kama picha nalo lina kasoro yake: maneno yaliyo ndani ya picha si rahisi kwa mtambo wa utafutaji kuyapata kama maneno yaliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida.

6.0 Ramani na mashine inayojibu

Ramani za Google zilianza mwaka 2005, na huduma ya kusajili biashara katika ramani hizo leo inajulikana kama Wasifu wa Biashara wa Google. Kwa maelezo ya kampuni hiyo yenyewe, matokeo ya utafutaji wa mahali hupangwa kwa mambo makuu matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kilichoulizwa, iko umbali gani na anayeuliza, na inajulikana kiasi gani. Jambo la kwanza linategemea maelezo yaliyoandikwa, la pili linategemea mahali palipoandikwa, na la tatu linategemea maoni ya wateja na kutajwa kwingine mtandaoni. Yote matatu yanarejea kwenye maandishi.

Upande wa Serikali, Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa barabara majina na nyumba namba katika nchi nzima. Kwa maeneo kama Mnyuzi, ambako maelekezo yalikuwa ya aina ya nyuma ya stesheni au karibu na mwembe mkubwa, hatua hiyo ilikuwa na uzito wa kihistoria unaofanana na ule wa kituo cha reli. Utata wa majina haukuisha. Korogwe ni jina la halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na Handeni vivyo hivyo. Fundi anayeandika Korogwe peke yake hajasema bado kama yuko mjini au Mnyuzi.

Novemba 2022 ChatGPT ilitolewa kwa umma, na mwaka 2024 Google ikaanza kuweka muhtasari wa akili unde juu ya matokeo ya utafutaji, ikianzia Marekani. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, imebadilisha umbo la swali na la jibu. Mtafutaji wa zamani alipewa orodha akachagua. Wa sasa huuliza kwa sentensi nzima, kwa mfano nani anaweza kukata mti ulioegemea paa karibu na Mnyuzi, naye hupewa jibu lenye majina machache. Aliye nje ya majina hayo haonekani hata katika ukurasa wa pili.

Mashine hiyo hujibu kwa kutumia maandishi iliyofundishwa na maandishi inayoyapata mtandaoni wakati wa kuulizwa. Pale ambapo maandishi ni haba, matokeo mawili yanawezekana. La kwanza, itaitaja kampuni ya mji mkubwa iliyoandika kwamba inafika mikoa yote, nayo kampuni hiyo itampigia simu fundi wa Korogwe afanye kazi kwa sehemu ya malipo. La pili ni baya zaidi: inaweza kutunga jina lisilokuwapo, kwa kuwa mifumo hii hujaza mapengo kwa maneno yanayofanana na ukweli. Katika hali ya kwanza, uhusiano wa Wilkins & Wiese na watu wa Shume unarudi katika vazi jipya. Katika ya pili, mwenye mti unaotishia nyumba hupoteza muda ambao hana.

7.0 Njia za kuboresha kuonekana

Kwa kuzingatia historia hiyo, hatua za kuboresha zinaweza kupangwa kwa mfuatano unaoanza na kumbukumbu na kuishia na matangazo.

Hatua ya kwanza ni jina moja. Jina lililosajiliwa BRELA, lililo kwenye leseni ya biashara ya halmashauri, kwenye kibao, kwenye ramani na kwenye risiti linapaswa kuwa lile lile, pamoja na namba ile ile ya simu. Tofauti za jina au namba zinaweza kuifanya mashine ihesabu biashara moja kama mbili zisizo na nguvu.

Hatua ya pili ni mahali. Fundi asiye na ofisi anaweza kusajili eneo analohudumia bila kuonyesha nyumba yake kwenye ramani. Inafaa ataje kata, wilaya na miji jirani anayofika, kama Hale, Segera, Korogwe Mjini na Muheza. Kwa upande wa Mnyuzi, inafaa pia sentensi moja itaje kwamba jina hilo huandikwa hata Mnyusi, ili mtafutaji aliyesoma ramani ya zamani asipotee.

Hatua ya tatu ni lugha ya kazi. Ukurasa wa maandishi ya kawaida unapaswa kuzitaja kazi kwa maneno ambayo mteja huyatumia: kukata mti ulio karibu na nyumba, kupogoa mwembe, kung'oa kisiki, kuondoa gogo lililoangukia uzio. Kurasa za Kiswahili kuhusu kazi hizi ni chache mno kuliko za Kiingereza, na kwa sababu hiyo ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri una nafasi nzuri ya kuwa chanzo ambacho akili unde itakitumia kujibu kwa Kiswahili.

Hatua ya nne ni uhalali na usalama. Maelezo yaseme ni miti gani huhitaji kibali, nani huomba kibali hicho, hati ya kusafirishia hupatikanaje, na kwamba mti uliogusa nyaya za umeme huripotiwa kwanza TANESCO. Maelezo haya humsaidia msomaji hata kama hatatoa kazi, na humtenga fundi halali na mvunaji haramu. Bila hatua hii, kuboresha kuonekana kunaweza kuwa njia ya kuwaelekeza wateja kwa wanaomaliza miti ya Usambara.

Hatua ya tano ni ushuhuda. Maoni ya wateja wa kweli, yanayotaja aina ya mti, mahali na namna kazi ilivyokwenda, ndiyo sura mpya ya jirani anayependekeza. Maoni ya kununua yanakatazwa na mitandao yenyewe, na yanaharibu ile dhamana iliyoupa utafutaji wa kinywa thamani yake.

Inaweza kudaiwa kwamba soko la Mnyuzi ni dogo na kinywa kinatosha. Hoja hiyo ina ukweli kwa kazi za ndani ya kijiji. Lakini kazi zenye malipo makubwa zaidi, yaani za taasisi, wakandarasi na wenye nyumba walio mbali, zimekuwa zikitolewa kwa kumbukumbu tangu siku za reli, na hakuna dalili kwamba zitaanza kutolewa kwa kinywa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa kutoka ratiba ya treni hadi jibu la akili unde, kanuni moja imedumu: mteja wa mbali humwona aliyeandikwa. Kilichobadilika ni nani ameshika kalamu. Ratiba iliandikwa na serikali ya kikoloni, kipande kiliandikwa na mwenye shamba, na kibali kiliandikwa na idara. Wasifu wa biashara kwenye ramani na ukurasa wa maelezo ya kazi vinaweza kuandikwa na fundi mwenyewe, kwa simu aliyo nayo mfukoni. Mashine itakayosoma maandishi hayo bado ni ya wengine, na masharti yake yanaweza kubadilika bila yeye kuulizwa. Hata hivyo, kwa mkata miti wa Mnyuzi, hii ni mara ya kwanza katika zaidi ya miaka 120 ambapo sentensi ya kwanza kuhusu kazi yake inaweza kuwa yake.